Mbona Maji Ni Mekundu?

3 Januari

Mdogo wangu Kwanini,

Usishtuke kuona barua. Sijafa, wala hajafa mtu. Simu yangu imeharibika kipaza sauti: mimi nakusikia, wewe hunisikii, nami si mtu wa kukaa kusikiliza bila kujibu, unanijua. Kwa hiyo tuandikiane kama ulipokuwa shule ya bweni, mimi nakuandikia kurasa nne, wewe unajibu nusu ukurasa unaoishia na kuomba sabuni.

Kidonda kimefunga vizuri. Walichokitoa pamoja na kizazi kilikuwa uvimbe tu, si saratani, hapo tumshukuru Mungu. Vifuko vya mayai navyo vimekwenda. Dobi tumefungua tena, na tenda ya hospitali imerudi, mashuka mia mbili kwa siku. Shemeji yako alikuwa anahangaika peke yake kati ya boila na roli ya kunyooshea, nikamwonea huruma. Akaniomba nirudi, nikarudi wiki ya tatu badala ya ya sita. Usinigombeze, wala usimgombeze yeye.

Sasa sikia ninalotaka. Nimepewa vidonge vya homoni, kimoja kila asubuhi. Daktari anasema mwanamke wa miaka thelathini na tisa hapaswi kukosa homoni ghafla, hasa mwenye moyo kama wangu, uliovimba ile homa ya mwaka juzi ukabaki dhaifu. Lakini vidonge vinanitesa. Kichwa kinaniuma asubuhi hadi jioni, matiti yanauma, chakula nakitazama tu. Nilipolalamika akasema vumilia, na usiache bila kuniambia. Nimevumilia mpaka nimechoka. Wewe unashinda na seli za moyo kwenye visahani vyako huko maabara. Niambie ukweli: navihitaji, au ni daktari anajihami?

Andika kwa uhuru. Sheria ya marehemu mama bado inafanya kazi nyumba hii: barua hufunguliwa na mwenye jina lililo juu ya bahasha. Zako shemeji yako anazibana chini ya pasi ya mkaa pale kwenye rafu, na hata umbea umwashe vipi hagusi.

Dada yako


17 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Wiki ya tatu! Nikija nitawagombeza wote wawili.

Swali lako ndilo swali ninalolifanyia kazi, sikutanii. Ndani ya seli za moyo kuna vitu vinaitwa vipokezi. Fikiria kitasa, na homoni ndiyo ufunguo wake. Moyo ukishambuliwa, seli zake hupiga king'ora: hutoa kemikali za kuita msaada, na hapo ndipo panakuja mchochota, kule kuwaka na kuvimba kulikokulaza mwaka juzi. King'ora ni kizuri kikilia kidogo. Kikilia bila kunyamaza, kinauchosha na kuuharibu moyo wenyewe. Tunadhani homoni ya kike ikiingia kwenye kitasa chake, inakituliza king'ora. Tunadhani. Hakuna katika maabara yetu aliyepima sawasawa.

Basi nitapima mimi. Nitachukua visahani ishirini na vinne vya seli. Nusu nitazipa homoni, nusu nitazinyima kabisa. Kisha zote nitazichokoza kwa sumu ya bakteria, nipime king'ora kinavyolia. Ungeziona seli zenyewe, dada! Zinadunda peke yake, bila mtu, bila kifua, ndani ya maji mekundu mepesi. Kila asubuhi nikifika naziangalia kwenye hadubini kabla sijavua koti. Siku ya kwanza kuziona zikidunda nililia, mkuu wa maabara akadhani nimeumia jicho.

Nipe mwezi mmoja. Endelea kumeza.

Wako, Kwanini


29 Januari

Kwanini wangu,

Mwezi mmoja! Hiki kichwa ungebebeshwa wewe usingesema hivyo. Sawa, nameza.

Nimemsomea shemeji yako ule mstari wa seli zinazodunda bila kifua. Akauliza zinakula nini. Huyo ndiye shemeji yako, hata moyo anauwazia mlo.

Ila kuna kitu kimenikaa. Umesema maji ni mekundu. Mbona mekundu? Ni damu? Kama si damu, mmetia rangi ya nini? Mimi kazi yangu ni vyeupe. Nikipokea mzigo, kabla sijagusa maji, natafuta chenye rangi nakitoa, maana soksi moja nyekundu imewahi kunipotezea mashuka arobaini ya wodi ya wazazi. Yakawa ya waridi yote. Mwenye soksi akaapa kwamba haichuji. Wote huapa hivyo. Kwa hiyo mdogo wangu, kama unataka kujua seli zikinyimwa kitu zinakuwaje, kwa nini uziache ndani ya rangi?

Labda ni swali la kijinga. Wewe ndiye ulipewa jina hilo kwa kuuliza maswali, mimi nilipewa kazi ya kuyajibu. Leo tumebadilishana.

Simu bado mbovu. Fundi anasema kifaa hakijafika.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo tena. Nina majibu!

Nimerudia mara nne ili nisije nikajidanganya. Seli zilizopewa homoni na seli zilizonyimwa zimepiga king'ora sawasawa. Kidogo tu, zote, kisha zikatulia. Hakuna tofauti hata ya kutafuta kwa tochi. Mkuu wa maabara ameangalia mchoro akasema, “Basi moyo haujali.” Amenitaka niandike, na mwezi wa nne nitasimama mbele ya watu kusoma matokeo yangu mwenyewe. Mimi, Kwanini mwomba sabuni.

Kwa hiyo nakujibu uliloniuliza. Kwa nilichokiona kwa macho yangu, moyo wako hauvihitaji vile vidonge. Kama vinakutesa, acha. Ukionana na daktari utamwambia.

Kuhusu rangi, umenichekesha mpaka nikawasomea wenzangu wakati wa chai. Rangi ile ni ya macho yetu sisi. Inatuambia maji yakichacha: yakiwa mazuri ni mekundu, yakichacha yanageuka manjano, basi tunayabadilisha. Seli haziijui. Maabara zote nilizopita zinaitumia. Wewe baki na soksi zako, mama wa mashuka.

Wako, Kwanini


9 Machi

Mtaalamu wetu,

Nimeacha. Siku ya sita baada ya barua yako niliamka kichwa chepesi, nikala mkate wote na chai vikombe viwili. Shemeji yako akanitazama akasema leo amerudi niliyemuoa. Sikumwambia kuhusu vidonge. Yeye ni mtu wa kufuata karatasi ya daktari mpaka alama ya nukta, angenisumbua bure. Kila asubuhi nachukua kidonge mbele yake na glasi ya maji, kisha kinaishia mfuko wa aproni. Usinitazame hivyo.

Barua yako nimeiweka ndani ya kava la mto wangu. Nikihisi wasiwasi naisoma pale pa “moyo wako hauvihitaji”. Unajua nilikulipia masomo kwa mikono hii, lakini sikuwahi kujua siku moja utakuja kunitibu.

Habari nyingine: nimepandishwa cheo. Sinyanyui tena mashuka mabichi, nakaa kwenye stuli nakunja foronya. Bosi wangu, ambaye ni mume wangu, amesema ni heshima ya umri. Tumecheka sana.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Barua fupi, niko mbioni. Kesho kutwa nasoma matokeo yangu. Nimenunua viatu vinavyonibana kwa ajili hiyo. Hongera kwa cheo, foronya hazina uzito na wewe ulistahili kupumzika siku nyingi.

Nimepiga simu yako mara tatu wiki hii, inaita haipokelewi. Mwambie huyo fundi mwezi wa nne umeingia!

Wako, Kwanini


28 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusoma kwamba walikupigia makofi. Ningekuwepo ningepiga vigelegele nikatolewa nje.

Naandika kidogo leo. Tuna mashuka mengi. Mimi sasa nalala na mito mitatu, ni raha ya uzeeni, mgongo umezoea vibaya. Viatu vyangu vimenikataa, navaa vya shemeji yako, tunaonekana kama watu waliobadilishana miguu. Foronya nakunja nikiwa nimeegemea ukuta.

Niambie kitu kimoja, kwa ajili ya kujua tu. Seli zako kwenye kisahani, kabla hazijaacha kudunda, huwa zinadunda haraka kwanza? Au huwa zinapunguza polepole?

Dada yako


11 Mei

Dada,

Isome hii ukiwa umekaa. Kabla ya yote: meza vidonge vyako, leo, na uende hospitali, leo. Waambie uliviacha tangu mwezi wa pili. Waambie ni mimi niliyekuambia.

Wiki mbili zilizopita tulipata mwenzetu mpya. Anatoka maabara inayochunguza saratani ya matiti, na huko homoni hii ndiyo chakula chao cha kila siku. Siku yake ya pili alisimama nyuma yangu, akatazama visahani, akauliza, “Mbona maji yenu ni mekundu?”

Dada, maneno yako. Yale yale. Nikaanza kumjibu kama nilivyokujibu wewe, akanikatiza kwa upole. Kwao wamejua miaka mingi: ile rangi, au uchafu mdogo unaokuja nayo kutoka kiwandani, unaingia kwenye kitasa cha homoni. Unakigeuza kidogo tu, lakini kwa seli hicho kidogo kinatosha. Zile seli nilizosema nimezinyima, nilikuwa nazilisha kila siku. Nilipima walioshiba dhidi ya walioshiba, nikatangaza njaa haiui.

Nimerudia kwa maji yasiyo na rangi. Meupe, dada, kama shuka lako. Seli zenye homoni zilituliza king'ora ndani ya siku moja. Zisizo na homoni zililia siku tatu mfululizo. Siku ya nne nyingi hazikudunda tena. Umeniuliza huwa zinadundaje kabla. Haraka kwanza. Haraka na bila mpangilio.

Kisha nikazitoa barua zako zote nikazisoma kwa mfuatano. Stuli. Ukuta. Mito mitatu. Viatu vya shemeji. Kila kitu uliniambia, na mimi nilikupongeza kwa cheo. Ningekuwa nimekaa mwaka mmoja tu kwenye wodi badala ya maabara, ningejua mtu anayelala na mito mitatu moyo wake unazidiwa na maji.

Asubuhi hii nimempigia shemeji. Nimemwambia akupeleke hospitali moyo ukaangaliwe. Aliuliza kwa nini, nikasema ni kukumbuka tu ile homa ya mwaka juzi. Sikumwambia kuhusu vidonge. Nilikuwa na maneno mdomoni nikaona aibu, alikuwa ameshaanza kunishukuru. Kwa hiyo nakuandikia wewe, umwambie mwenyewe kwa namna yako, unajua kumwambia mambo. Barua naipeleka sasa hivi kwa basi la mizigo, itafika baada ya siku tatu.

Ulikuwa sahihi tangu Januari, na mimi niliwasomea watu swali lako wakati wa chai wakacheka. Nisamehe. Nakuja mwisho wa mwezi.

Kwanini


30 Mei

Kwa shemeji yangu,

Natumaini ulifika salama. Nyumba imekuwa kubwa tangu mlipoondoka nyote baada ya mazishi. Mashine ninazo, tenda ninayo, nguvu ya kuwasha boila sina. Jana nimewasha, nikakaa mbele yake mpaka ikapoa.

Nataka kukushukuru. Ulinipigia siku ile ya tarehe kumi na moja, na kama si wewe angefia dukani kwenye stuli. Tulimpeleka siku ile ile. Alipata siku nne za kitandani, katika shuka nililolinyoosha mwenyewe, nililijua kwa alama yetu ya uzi wa buluu pembeni. Walimpa oksijeni, walimtoa maji. Daktari wa zamu aliniuliza dawa anazotumia, nikamtajia zote. Kuhusu zile za homoni akauliza mara mbili, je, anazimeza bila kukosa? Nikasema daktari, mimi mwenyewe namwona kila asubuhi, na glasi ya maji. Akaandika, akaendelea na mengine. Dada yako alikuwa na kile kifuniko cha oksijeni usoni, hakuweza kuongea. Alikuwa akinishika mkono na kutikisa kichwa, nami nikadhani ananiambia nisilie.

Kuna jambo alilokuficha, nakuomba umsamehe. Simu yake haikuwa mbovu hata siku moja. Alisema ukimsikia anavyohema utaacha kazi uje kukaa naye, na ile kazi yako ndiyo ilikuwa fahari yake. Wateja wote wa dobi wanajua seli za moyo zinadunda bila kifua.

Sasa nikuulize, maana siwezi kumuuliza mwingine, na msibani niliona nisikuongezee uchungu. Mimi ndiye niliyemwomba arudi kazini wiki ya tatu. Hakujitolea, asikudanganye mtu. Nilimwambia mashuka yananishinda. Kila siku tangu hapo nahesabu mashuka mabichi aliyonyanyua Januari na Februari. Wewe unaijua mioyo. Niambie bila kunionea huruma: ni mimi niliyemuua?

Naambatanisha barua yako. Ilikwama kwenye ofisi ya mabasi ya mizigo, walinipigia simu wiki moja baada ya mazishi. Jina juu ya bahasha ni lake, kwa hiyo sikuifungua. Niliibana chini ya pasi siku mbili kwa mazoea, kisha nikaona nikurudishie. Najua itakuwa na maneno matamu ya dada na mdogo wake. Uyatunze.

Shemeji yako wa boila


8 Juni

Shemeji,

Shikamoo. Si wewe. Naliandika hili kwanza ili usisome mengine yote ukiwa umeshika pumzi. Mashuka hayakumuua, wala wiki ya tatu haikumuua.

Uliponiuliza nilitaka kukujibu kwamba ni ile homa ya mwaka juzi na mapenzi ya Mungu. Niliiandika barua hiyo. Ilikuwa nzuri, ningeituma ungelala usingizi leo. Nimeichana, kwa sababu ungelala kwa uongo wangu, nami nimeshaukalia uongo huo mara mbili mbele yako: kwenye simu tarehe kumi na moja, na siku tatu nzima nyumbani kwako nikila chakula cha msiba na kupewa pole.

Alipokuwa akitikisa kichwa hakuwa anakuambia usilie. Alikuwa anamkatalia daktari. Alitaka kusema vidonge havimezi.

Kwa nini hakuwa anavimeza utajua sasa hivi. Angalia mfuko wa aproni yake, angalia na kava la mto wake. Humo kuna barua ya tarehe ishirini Februari, mwandiko wangu. Kama vidonge vingemwokoa, sijui, na hakuna wa kukuapia. Moyo wake ulikuwa umeshaumia, na daktari aliyejua ukweli angekuwa na la kufanya kuliko daktari aliyefichwa. Seli kwenye kisahani si mtu. Hilo ndilo nililopaswa kumwandikia Februari, na ningeliandika kwa mstari mmoja.

Mkuu wa maabara nimemwambia jana. Matokeo yangu yataondolewa mbele ya wale wale walionipigia makofi. Wakiniuliza ni nani aliyeliona kosa kwanza, nitasema ni dobi.

Nakurudishia ile bahasha iliyokwama kwenye mabasi kama ulivyonitumia, gundi ile ile. Najua sheria ya nyumba. Nimelikata jina lake kwa mstari mmoja, nikaandika lako juu yake.

Kaa chini, uifungue.

Mdogo wa mkeo